Picha hairudi: Amana ya mwongozaji wa filamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, siku moja baada ya Sala ya Alasiri, mzazi mmoja wa Tandika, wilayani Temeke, alinifuata msikitini akiwa ameshika begi dogo jeusi. Akaliweka mbele yangu na kusema: "Sheikh, humu mna kamera ya mwanangu. Nimemnyang'anya. Naye ameondoka nyumbani, leo ni siku ya tisa, analala kwa rafiki zake huko Mwananyamala. Mama yake hali wala halali. Nieleze, nimekosea?"

Nilimuuliza kijana amefanya nini. Akanieleza kwamba alipomaliza kidato cha nne alikataa kukaa dukani, akasema anataka kuwa mwongozaji wa filamu na vipindi vya runinga. "Hilo ningelivumilia," akasema mzee, "lakini kuna jambo la mwaka jana." Kijana alikuwa msaidizi wa mpiga picha za harusi. Katika harusi ya jirani yao, sherehe ya ndani ya wanawake ilirekodiwa ili iwe kumbukumbu ya bibi harusi na watu wa nyumba yake. Haikupita wiki, picha zile zikawa zinazunguka katika simu za vijana vijiweni. Ndoa ile changa ikatikisika. Kijana hakuzitoa yeye. Zilitoka katika kompyuta ya aliyemwajiri. Lakini alijua, akanyamaza.

Mzee alitaka nimjibu kwa neno moja: kazi hii ni halali au ni haramu? Nilimwomba anipe siku chache. Si kwamba nilitaka kulikwepa swali, bali niliona kuwa wazazi wengi wa Temeke, Kinondoni na kwingineko wanalo swali hilohilo majumbani mwao. Leo kijana hahitaji mtaji mkubwa ili ashike kamera, kwani simu aliyonayo mfukoni inapiga picha za video. Basi nimeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa pamoja, kwa kuangalia maisha ya watu walioifanya kazi hii, kisha tuyarudishe kwenye mizani ya dini yetu.

Mwongozaji ni nani?

Watazamaji humjua mwigizaji kwa sababu wanamwona sura. Mwongozaji hawamwoni, ilhali yeye ndiye mwenye usukani. Ndiye anayeamua kamera isimame wapi, ione nini na isione nini. Ndiye anayemwambia mwigizaji arudie maneno yake mara ya tatu au ya kumi. Ndiye anayeamua uso wa mama anayelia ukae mbele ya macho yetu kwa muda gani. Kazi ya kupiga picha ikiisha, hukaa na mhariri wakachagua kipi kibaki na kipi kikatwe. Katika runinga, kipindi kinaporushwa moja kwa moja, yeye huwa mbele ya picha za kamera kadhaa na kwa neno lake moja picha mojawapo huingia katika nyumba za watu.

Kwa hiyo, anayesema "mimi nilionyesha tu yaliyokuwapo" hajasema kweli yote. Kuonyesha ni kuchagua, na mwenye kuchagua ataulizwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa kuhusu alichokabidhiwa. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, Mola Mtukufu anatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Mwongozaji ana macho yake mwenyewe, na juu ya hayo amekabidhiwa macho ya maelfu.

Serikali nayo imeutambua uzito huo tangu zamani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 ndiyo iliyoweka utaratibu wa vibali na wa kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa kwa umma. Lakini bodi hukagua kazi iliyokwisha kutengenezwa. Nia ya mtengenezaji haina mkaguzi isipokuwa Mola wake.

Kutoka jukwaani hadi Kinondoni

Wazazi wa rika langu wanakumbuka kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo, aliyetaka kuona picha alikwenda sinema mjini au alitazama kanda za video, nyingi zikiwa za India, Hong Kong na Marekani. Vituo vya Bara vilipoanza, yakaja makundi ya maigizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia nyingi za Dar es Salaam zilikaa sebuleni kutazama maigizo ya Kaole Sanaa Group kupitia ITV. Kwa mara ya kwanza watoto wetu waliona nyumba zinazofanana na zao, na wakasikia Kiswahili chao wenyewe kikitoka katika kile kisanduku.

Mwaka 2003 ikatoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, msanii aliyekuja kutoka Kenya na kufanya kazi hapa kwetu katika filamu na runinga hadi alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro mwaka 2014. Filamu hiyo iliwaonyesha wengi kuwa kazi ya Kiswahili, iliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ina wanunuzi. Tangu hapo mlango ukafunguka.

Katika waliopita mlango huo, hakuna aliyejulikana kuliko Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akajiunga na Kaole, akaanza kuonekana katika maigizo ya runinga. Kisha akaingia katika filamu, na katika muda wa miaka michache akawa mwigizaji, mtunzi, mwongozaji na mtayarishaji mwenye kampuni yake. Mwaka 2006 alishiriki katika Dar to Lagos, kazi iliyowakutanisha wasanii wa Tanzania na wa Nigeria, na baadaye akafanya kazi na mwigizaji maarufu wa huko, Ramsey Nouah, katika The Devil Kingdom. Katika Uncle JJ aliwaweka watoto mbele ya kamera, na nyumba nyingi zikaipenda kazi hiyo kwa ajili yao.

Kanumba alikuwa Mkristo, nasi hatukai hapa kupima amali za marehemu. Hizo ziko kwa Muumba wake. Lakini tabia ya kazi yake ina funzo kwa kijana yeyote. Hakurithi kampuni wala hakuwa na jina kubwa la ukoo nyuma yake. Alianza chini ya walimu wa jukwaani, akakubali kuelekezwa kabla ya kuelekeza. Wapo vijana wetu leo wanaotaka kuitwa waongozaji siku ileile wanaponunua kamera.

Tuseme na upande wa pili, kwa haki. Soko la filamu la miaka ile lilikuwa na masharti yake magumu. Mwenye filamu mara nyingi aliuza haki zake moja kwa moja kwa msambazaji, akalipwa mara moja, na baada ya hapo hakuwa na sehemu katika kila nakala iliyouzwa Kariakoo. Wezi wa kazi za wasanii nao walirudufu nakala na kuziuza barabarani. Ili kazi ilipe, ilibidi itengenezwe haraka, pengine kwa siku chache, katika nyumba ya kuazima, na hadithi moja ikakatwa katikati ili iuzwe mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Katika haraka hiyo, jambo linalovuta jicho kwa wepesi ndilo lililotangulia: mavazi ya nusu mwili, ugomvi wa mahawara, uchawi na mali za ghafla. Wazazi wengi walilalamika, nasi maimamu tulilalamika juu ya mimbari. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza mwongozaji yule analipwa namna gani, na ni nani angemnunulia kazi nzuri kama angeitengeneza.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Tarehe 10 Aprili aliagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Umati uliojitokeza siku ile haukuwa wa dini moja. Walikuwapo akina mama waliojifunga khanga na vijana waliovaa kofia zao, na wengine walizimia kwa majonzi kwa ajili ya mtu ambaye hawakuwahi kuzungumza naye maishani.

Nimetafakari sana siku ile. Kijana wa miaka 28 amelala kaburini, na usiku uleule sura yake inatembea na kuzungumza katika vyumba vya watu. Kizuri alichokifanya kinaendelea, na alichotamani kukirekebisha hana tena mkono wa kukirekebisha. Katika Suratu Yaasin, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa yanaandikwa yale waliyoyatanguliza watu na pia athari walizoziacha nyuma. Sote tutaacha athari, lakini athari za mwenye kamera zina mwendo mrefu kuliko za wengi wetu.

Aliyetengeneza Risala

Wapo watakaosema: "Sheikh, hayo ni ya watu wa dunia. Je, yupo Muislamu aliyeifanya kazi hii kwa ajili ya dini yake?" Yupo, na wengi wenu mmeiona kazi yake bila ya kulijua jina lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, tulikusanyika usiku katika uwanja wa madrasa moja hapa Temeke mbele ya runinga ndogo na kanda ya video iliyochakaa. Kiingereza chake hatukukielewa vizuri, hivyo ustadhi wetu alisimama pembeni akitufasiria. Bilal (R.A.) alipowekewa jiwe kifuani, uwanja mzima ulinyamaza. Alipoadhini, wazee waliokaa nyuma yetu walifuta machozi kwa ncha za kanzu zao. Ile ilikuwa filamu ya Risala, inayoitwa pia The Message.

Mwongozaji wake ni Moustapha Akkad. Alizaliwa katika mji wa Halab, nchini Syria, mwaka 1930. Alipotaka kwenda Marekani kusomea filamu, baba yake, mtu wa kipato cha kawaida, alimpa dola 200 na nakala ya Qur'ani. Mzazi mwenzangu, tulitazame jambo hilo. Baba yule hakuwa na uwezo wa kumlinda mwanawe huko alikokwenda. Alimpa nauli ya dunia na dira ya akhera, kisha akamwacha aende.

Akkad alisoma katika vyuo vikuu vya huko, akaianza kazi kwa kuwasaidia waongozaji waliomtangulia, kisha akaamua kutengeneza filamu juu ya maisha ya Mtume (S.A.W.) bila ya kumwonyesha Mtume. Waongozaji wengine wangeuona mtihani huo kuwa hauwezekani. Yeye aliupatia ufumbuzi: kamera ilisimama mahali ambapo Mtume angekuwapo, na waigizaji wakazungumza wakiielekea. Sura yake haikuonyeshwa wala sauti yake haikusikika. Hakuwaonyesha pia wake zake wala makhalifa wanne waongofu. Aliitengeneza filamu mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na kila lugha ikawa na waigizaji wake. Nafasi ya Hamza (R.A.) ilichezwa na Abdullah Gaith katika ile ya Kiarabu, na Anthony Quinn katika ile ya Kiingereza.

Hata hivyo hakupata njia nyeupe. Idhini iliyotangulia kutoka kwa wanazuoni wa Al-Azhar iliondolewa baadaye. Kazi ilianzia Morocco, ikasimamishwa kwa shinikizo, naye akalazimika kuihamishia Libya ndipo ikakamilika. Filamu ilitoka mwaka 1976. Mwezi Machi 1977, kundi la watu wenye silaha liliteka majengo matatu mjini Washington na kuwashikilia zaidi ya watu 100, na moja ya madai yao lilikuwa filamu hiyo izuiwe. Walidhani Mtume ameonyeshwa ndani yake. Damu ya mtu asiye na hatia ilimwagika kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ya filamu ambayo waliopinga hawakuwa wameitazama. Suratul Hujurati, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Mafunzo hayo yanatuhusu na sisi tunaohukumu filamu kwa kusikia kutoka kwa jirani.

Mwaka 1981 akatoa Simba wa Jangwani, filamu juu ya Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani wa Libya aliyepigana na wakoloni wa Kiitaliano hadi wakamnyonga tarehe 16 Septemba 1931 akiwa mzee. Italia iliizuia filamu hiyo kuonyeshwa kwa miaka mingi. Gharama zake zilikuwa kubwa mno, na mapato yake katika majumba ya sinema yakawa kidogo sana.

Na hapa, ndugu msomaji, pana jambo ambalo sipendi kulificha. Fedha zilimjia Akkad kwa mlango mwingine. Alikuwa miongoni mwa waliowezesha filamu ya kutisha iitwayo Halloween, ya mwaka 1978, inayohusu muuaji mwenye kinyago. Ilitengenezwa kwa gharama ndogo sana, ikaingiza mamilioni ya dola, na ikazaa mfululizo wa filamu nyingine. Mtu aliyetupa Risala aliyaendesha maisha yake kwa filamu za kutisha, huku akihangaika kwa miaka mingi kutafuta fedha za kutengeneza filamu juu ya Salahuddin. Hakuipata. Soko lilimlipa kwa kuogofya watu kuliko lilivyomlipa kwa kuwafundisha. Je, hilo ni kosa lake peke yake, au ni letu pia sisi watazamaji?

Mwezi Novemba 2005 Akkad alikuwa Amman, Jordan, pamoja na binti yake, kwa ajili ya harusi. Tarehe 9 mabomu yalilipuliwa katika hoteli tatu za mji huo na watu waliodai kuwa wanaupigania Uislamu. Binti yake alifariki papo hapo. Yeye alifariki siku mbili baadaye kwa majeraha. Mtu aliyeipeleka adhana ya Bilal hadi katika vijiji asivyovijua aliuawa na watu waliotamka shahada ileile. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'uun.

Hadithi ya binti aliyeozwa

Turudi pwani yetu, kwani hapa pia wapo wanaofuata njia ya subira. Amil Shivji, kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1990, alisomea filamu nchini Kanada, akarudi nyumbani na kuanzisha kampuni yake ya Kijiweni. Alianza na filamu fupi, Shoeshine ya mwaka 2013 na Samaki Mchangani ya mwaka 2014. Mwaka 2017 akatoa T-Junction, na mwaka 2021 akaonyesha Vuta N'kuvute katika tamasha la Toronto. Mwaka 2022 filamu hiyo ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kuwania tuzo za Oscar. Hesabuni miaka hiyo, nyinyi vijana mnaotaka kufika kwa mwezi mmoja.

Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma. Inasimulia habari za Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya wakati wa ukoloni, aliyeozwa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake, akakimbia. Sisemi kwamba kila picha ya filamu hiyo yafaa kutazamwa na familia ikiwa imekaa pamoja. Mzazi atapima mwenyewe. Ninalosema ni kwamba swali linaloulizwa humo ni swali letu. Khansa bint Khidam (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akashitaki kwamba baba yake amemwoza bila ya ridhaa yake, na Mtume akaivunja ndoa ile. Na amefundisha kuwa hata bikira hutakwa idhini. Mabinti wangapi wa mitaa yetu wanaozwa bila ya kuulizwa, na khutba zetu zinapita bila ya kuligusa? Pengine mwenye kamera amelisema jambo ambalo mwenye mimbari alilinyamazia. Tukubali nasaha, hata ikitoka mahali tusipopatarajia.

Mizani

Wanazuoni wametofautiana juu ya picha na maigizo. Wapo waliozuia, na wapo walioruhusu kwa masharti: lengo liwe jema, pasiwe na uchi wala kuchochea matamanio, wasiigizwe Mitume, wala uovu usipambwe. Kwa mtazamo wangu, kauli ya pili ndiyo inayokidhi mahitaji ya zama hizi, kwani tukiiacha kamera mikononi mwa wasiomcha Mungu, watoto wetu hawataacha kutazama. Watatazama vya wengine.

Tusidhani kuwa kusimulia habari za dhambi ni dhambi. Suratu Yusuf imeitwa na Mola wetu kuwa ni katika simulizi bora kabisa, na ndani yake mna wivu wa ndugu, mna mke wa mheshimiwa aliyefunga milango, mna gereza. Lakini tazameni namna tukio la chumbani linavyosimuliwa. Tunaelewa kila kitu na hakuna tulichotiwa aibu nacho. Milango ilifungwa, kanzu ikachanika, ukweli ukadhihirika. Anayetaka kujifunza uongozaji wa filamu na aanze na sura hiyo.

Kwa wazazi, nasema: msimfukuze mtoto kwa sababu ya kipaji alichopewa. Mtoto aliyefukuzwa hufundishwa na aliyempokea. Ikiwa ameipenda kazi hii kweli, apelekwe akaisome. Iko taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, ambayo ilianza kama chuo mwaka 1981, na iko idara ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulizeni habari za kazi anazofanya, ni ya nani, inalipwa na nani, itaonyeshwa wapi. Na kazi njema ikitoka, inunueni nakala halali. Anayelaani filamu chafu na haungi mkono iliyo safi hajamaliza wajibu wake.

Kwa vijana, nasema: kabla ya kuwasha kamera, jiulizeni maswali matatu. Je, anayepigwa picha ameridhia, na anaelewa picha itakwenda wapi? Je, ningependa mama yangu aitazame nikiwa nimekaa kando yake? Je, nikifa usiku huu, nitaridhika kuwa hii ndiyo kazi yangu ya mwisho? Suratun Nuur, aya ya 19, inawatishia adhabu wale wanaopenda uchafu uenee miongoni mwa waumini. Na anayenyamaza huku akiona amana ya watu inavujishwa asijidanganye kuwa hayumo.

Begi jeusi

Baada ya siku chache nilimpeleka mtu Mwananyamala, na kijana akaja. Alinisalimia kwa adabu, akakaa mbele ya baba yake bila ya kuinua macho. Sikumuuliza juu ya filamu. Nilimuuliza juu ya harusi ya jirani. Akasema, "Sheikh, sikuzitoa mimi." Nikamwambia, "Najua. Lakini uliingia nyumba ile kwa jina la baba yako. Waliokufungulia mlango walimfungulia yeye." Akalia.

Nikamwambia kwamba mlango wa kwanza wa kazi anayoitaka uko kule, katika nyumba ile. Jioni hiyo akaenda, amefuatana na wazazi wake wote wawili. Mama wa bibi harusi aliwakaribisha ukumbini, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Nimekusamehe, mwanangu, na Mungu akusamehe. Lakini picha hairudi."

Waliporudi msikitini kwa Sala ya Isha, mzee aliliweka begi mbele ya mwanawe bila ya kusema neno. Kijana amerejea nyumbani. Anaendelea kupiga picha za harusi, ila sherehe za ndani za wanawake hazipigi tena yeye. Humkabidhi dada yake kamera, na nakala hukabidhiwa wenyewe siku hiyohiyo, kisha yeye hafichi hata moja. Anaweka akiba ya ada ya Bagamoyo. Kama atafika kuwa mwongozaji wa filamu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini lile neno la mama wa bibi harusi ameliandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha begi lake, na kila anapoitoa kamera hulisoma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ayahifadhi macho yetu na ya watoto wetu, awaongoze wenye vipaji katika yenye manufaa, na asitujaalie kuacha nyuma yetu athari tutakazozijutia siku ambayo majuto hayatafaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.